Komishna anatoa adhabu, na rufaa anaisikiliza yeye: mchezaji ajitetee wapi?

Pivo wa Katuba:

Jambo yenu bayaya na bandugu wa basketi. Swali langu ni moja lakini lina matawi.

Huku tumezoea ngazi. Mazembe ikiadhibiwa na CAF kuna kamati ya nidhamu, juu yake kamati ya rufaa, na juu kabisa mahakama ya michezo ya TAS kule Lausanne. Kwenye ligi za Marekani unakuta jina moja tu: komishna. Adam Silver wa NBA alimfungia Ja Morant mechi 25 mwezi wa 6 mwaka 2023 kwa kuonyesha bastola mbele ya kamera. Roger Goodell wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, alimfungia Tom Brady wa New England mechi 4 mwaka 2015 kwa mipira iliyodaiwa kupunguzwa upepo, Brady akakata rufaa, na aliyekaa kwenye kiti cha kuisikiliza alikuwa Goodell huyohuyo. Ndiyo maana kila adhabu ikitoka mashabiki wanasema imepikwa jikoni.

Nataka kujua kwa undani. NBA nako rufaa inarudi kwa Silver? NFL imebadilika kweli tangu mkataba wake na wachezaji wa 2020? Na sisi tunaotazama kutoka mbali saa nane za usiku, tutajuaje kama adhabu inaweza kuvunjwa au ndiyo imekwisha? Naomba vifungu na hesabu. Habari za "ligi inamchukia fulani" tumeshashiba.

Sekunde 24:

Yaya Pivo, anza na mwajiri, maana shaka yote inazaliwa hapo. Komishna hateuliwi na serikali wala hapigiwi kura na wachezaji. Anaajiriwa na wenye timu, 30 kwa NBA na 32 kwa NFL, na wao ndio wenye kumlipa na kumwondoa. Nguvu yake juu ya mchezaji inatoka kwenye karatasi mbili: katiba ya ligi, ambayo wenye timu wameiandika peke yao, na mkataba wa pamoja ambao wenye timu wametia saini na sendika, yaani chama cha wachezaji. Lolote ambalo sendika haikulitoa mikononi mwa komishna kwenye meza ya mazungumzo limebaki kwake. Kwa hiyo jibu la "rufaa inakwenda wapi" linabadilika kutoka ligi hadi ligi, hata kutoka kosa hadi kosa.

NBA wanauliza kwanza: tendo lilitokea wapi? Kosa la nje ya uwanja lina njia ya kwenda kwa msuluhishi huru, mtu ambaye ligi na sendika wamemchagua pamoja. Kosa la ndani ya uwanja linarudi kwa komishna. Mpaka huo ulijaribiwa vikali baada ya vurugu za tarehe 19 Novemba 2004, pale wachezaji wa Indiana walipopigana na mashabiki wa Detroit. David Stern, komishna wa wakati ule, alimfungia Ron Artest msimu wote uliobaki, Stephen Jackson mechi 30, Jermaine O'Neal mechi 25. Sendika ikaenda kwa msuluhishi Roger Kaplan. Ligi ikasema huyu hana ruhusa, kosa ni la uwanjani. Kaplan akajibu kwamba kupigana na mashabiki si sehemu ya mchezo, akaisikiliza kesi, akampunguzia O'Neal hadi mechi 15 na kuwaacha wengine na adhabu zao. Jaji wa serikali kuu akamuunga mkono. Mwaka uliofuata, katika mkataba wa 2005, sendika ilipata kipengele kwamba hata kosa la uwanjani likizidi mechi 12 linaweza kufika kwa msuluhishi.

Sasa ujue ni kwa nini mechi 12 ina uzito. Draymond Green alifungiwa Desemba 2023 "bila muda maalum" kwa kumpiga Jusuf Nurkić, na aliporudishwa hesabu ilikuwa mechi 12 kamili. Sisemi Silver alihesabu kwa sababu ya kipengele hicho. Nasema shabiki anayejua kipengele ana haki ya kuuliza.

Na kuna mpaka mwingine ambao watu hawauangalii: mechi 20. Adhabu isiyofika mechi 20 inakatwa kwenye mshahara kwa 1/145 kila mechi. Ikifika 20 na kuendelea, kila mechi ni 1/110. Morant adhabu yake ya kwanza, mechi 8 za Machi 2023, alikuwa na mshahara wa dola milioni 12.1, kwa hiyo alipoteza karibu dola 669,000. Ile ya pili ya mechi 25 iliangukia msimu wa mshahara wa milioni 33.5: gawanya kwa 110, zidisha kwa 25, unapata karibu milioni 7.6. Kama ingekatwa kwa 1/145 ingekuwa milioni 5.8. Yaani milioni 1.8 ilikwenda kwa sababu tu mstari wa 20 ulivukwa. Unaposikia sendika inalia kwamba adhabu "imepita kiasi", mara nyingi mstari kama huo ndio unaouma.

Mlinzi wa Kampemba:

Ya NFL niachieni mimi, na kesi ya Brady inafaa kufunguliwa pole pole kwa sababu inaonyesha mahali uchunguzi wenyewe ulipoharibika, kabla hata ya rufaa.

Sheria inataka mpira uwe na upepo wa pauni 12.5 hadi 13.5 kwa inchi ya mraba. Tarehe 18 Januari 2015, New England dhidi ya Indianapolis, mipira ya New England ilipimwa wakati wa mapumziko ikaonekana chini ya 12.5. Mashabiki wengi walisimama hapo: iko chini, basi wamedanganya. Lakini piga hesabu. Geji inasoma upepo uliozidi ule wa hewa ya nje, ambayo ni kama 14.7. Mpira wa 12.5 uliojazwa ndani ya chumba cha nyuzi 21 una jumla ya 27.2. Upeleke nje kwenye nyuzi 9: 27.2 mara 282 gawanya kwa 294, unapata 26.1, toa 14.7, geji itasoma 11.4 hivi bila mtu kugusa chochote. Hata wataalamu waliolipwa na ligi waliandika kwamba kwa baridi ile mpira halali ungesoma kati ya 11.32 na 11.52.

Sasa matatizo. Refa alikuwa na geji mbili ambazo hazikubaliani, moja inasoma juu kuliko nyingine kwa pauni 0.3 hadi 0.45. Vipimo vya kabla ya mechi havikuandikwa mahali popote. Mapumziko walipima mipira 11 ya New England na minne tu ya Indianapolis, muda ukaisha, na wakati huo wote mipira ilikuwa ndani ya chumba chenye joto ikizidi kupanda. Wastani wa ile 11 kwa geji moja ulikuwa 11.49, ambao uko ndani ya kiwango cha baridi. Kwa geji nyingine ulikuwa 11.11, ambao uko chini. Kesi nzima inategemea refa alitumia geji gani kabla ya mechi. Refa mwenyewe alikumbuka kwamba alitumia ile inayosoma juu. Ripoti ikaamua kwamba alitumia nyingine!

Aliyeandika ripoti alikuwa wakili Ted Wells, aliyelipwa na ligi, na wakili mkuu wa ligi alipitia rasimu kabla haijatoka. Maneno yao ya mwisho yalikuwa kwamba "kuna uwezekano mkubwa zaidi kuliko kutokuwepo" kwamba Brady "kwa ujumla alikuwa anajua". Juu ya maneno hayo timu ilitozwa dola milioni 1, ikanyang'anywa nafasi yake ya kuchagua mchezaji mpya katika raundi ya kwanza ya 2016 na raundi ya nne ya 2017, na Brady akapata mechi 4. Kisha Goodell akasikiliza rufaa ya uamuzi wa ofisi yake mwenyewe, na tarehe 28 Julai 2015 akauthibitisha.

Pivo wa Katuba:

Asante sana Mlinzi, hiyo ya geji mbili haisemwi kabisa. Lakini jaji wa New York si alimpa Brady haki? Ilikuwaje akatumikia mechi zote 4?

Mlinzi wa Kampemba:

Ndiyo. Jaji Richard Berman aliifuta adhabu tarehe 3 Septemba 2015. Alisema Brady hakuwahi kuonywa kwamba kujua tu kosa la mtu mwingine kunaweza kumfungia, na kwamba alinyimwa mafaili na nafasi ya kumhoji yule wakili mkuu. Ligi ikapanda juu. Tarehe 25 Aprili 2016 mahakama ya rufaa ikairudisha adhabu kwa majaji 2 dhidi ya 1.

Hapa ndipo mashabiki wengi wanapotea njia. Mahakama za Marekani hazikuulizwa kama Brady alitoa upepo, wala kama mechi 4 ni haki. Ziliulizwa kama komishna alibaki ndani ya mkataba. Na kifungu cha 46 cha mkataba wa 2011 kinampa komishna adhabu za "mwenendo unaodhuru" ligi, na kinasema wazi kwamba anaweza kusikiliza rufaa yeye mwenyewe. Majaji wawili wakasema: sendika mliitia saini. Jaji wa tatu alipinga, akiuliza kwa nini Goodell alilinganisha kosa hili na dawa za kuongeza nguvu, wakati kosa linalofanana nalo zaidi, kupaka gundi mikononi, lina faini ya pesa tu. Kwangu huyo wa tatu ndiye aliyeona kiini. Lakini kura ilikuwa moja.

Kwa hiyo adhabu za Goodell zilizovunjika kweli zilivunjwa na watu ambao yeye mwenyewe alikubali wakae badala yake. Wachezaji wa New Orleans mwaka 2012, walioshutumiwa kulipana zawadi za kuumiza wapinzani: Paul Tagliabue, komishna aliyemtangulia, alizifuta adhabu zote za wachezaji. Ray Rice mwaka 2014: alipewa mechi 2, halafu video ya pili ikatoka Septemba, akafungiwa bila kikomo. Jaji mstaafu Barbara Jones akaona kwamba Rice hakuwa ameidanganya ligi, na kwamba kosa lilelile haliadhibiwi mara mbili. Akaifuta ile ya pili. Kosa la Rice lilikuwa baya mno, amempiga mwanamke hadi akazimia, na mechi 2 zilikuwa aibu. Aibu hiyo ilikuwa ya ofisi ya komishna tangu mwanzo, na haisafishwi kwa kuadhibu upya.

Mama Ruashi:

Wanangu, mmesema vizuri, lakini ninyi wote mnaongea kana kwamba ukimwondolea komishna uhuru wa kuamua, shaka inaisha. NBA ina adhabu za mashine na bado watu wanapiga kelele.

Chukueni pointi za faulo za flagranti, yaani zile za nguvu isiyo ya lazima. Daraja la 1 ni pointi 1, daraja la 2 ni pointi 2. Katika mechi za mchujo ukifika pointi 4 unakosa mechi moja, hakuna mjadala. Safi, sivyo? Sasa fainali ya 2016. Green alikuwa na pointi 3. Mechi ya nne aligusana vibaya na LeBron James, na refa uwanjani hakupiga flagranti. Siku mbili baadaye ofisi ya ligi ikaangalia video, ikaiandika daraja la 1, pointi zikawa 4, akakosa mechi ya tano iliyochezwa huku kwetu ikiwa saa tisa za usiku. Golden State, timu yake, walikuwa mbele 3-1. Walipoteza ile ya tano 112-97 na mwishowe ubingwa. Tena katika zile pointi 3, moja ilikuwa imeongezwa vivyo hivyo ofisini, baada ya mechi na Oklahoma City. Jedwali lilikuwa wazi kwa kila mtu. Nguvu ilikuwa kwa yule anayeamua faulo iingie safu gani.

Halafu Phoenix, Mei 2007. Robert Horry wa San Antonio anamsukuma Steve Nash kwenye meza, Amar'e Stoudemire na Boris Diaw wanaacha benchi na kupiga hatua chache. Sheria: ukiondoka karibu na benchi wakati wa ugomvi, mechi moja. Hawakumgusa mtu. Wakafungiwa wote wawili, mechi ya tano ikapotea 88-85, San Antonio wakapita. Stern alisema sheria ni sheria. Watu wa Phoenix hawajamsamehe mpaka leo, na hapo hakukuwa na upendeleo wowote.

Na mtoto wetu Bismack Biyombo, wa hapahapa Lubumbashi. Pointi alizokusanya kwenye mchujo wa 2016 akiwa Toronto zilimfuata hadi Orlando: mechi ya kwanza ya msimu mpya, na jezi mpya, amekaa nje. Hiyo naikubali, kwa sababu namba ilikuwa mezani kabla. Lakini msiseme kwamba mashine haionei.

Kamalondo:

Niongeze la mpira wa miguu, maana yaya Pivo ameisifu ngazi yetu kupita kiasi. TAS haipokei kila kitu. Katiba ya FIFA inafunga mlango kwa adhabu za mechi nne au chini yake na za miezi mitatu au chini yake, isipokuwa za dawa. Mechi 4 za Brady zingekuwa za FIFA, Lausanne wasingemfungulia. Zinazozidi hapo una siku 21 tangu upokee uamuzi. Luis Suárez mwaka 2014 alipewa mechi 9 za taifa na miezi minne. TAS ikaiacha adhabu kwa mechi rasmi, ikamruhusu shughuli nyingine kama mazoezi.

Faida ya ngazi ni nyingine: inamzuia mkubwa asiruke foleni. Wydad ya Morocco walipoacha uwanja kule Radès, Tunisia, katikati ya fainali ya mabingwa wa Afrika Mei 2019, kamati kuu ya CAF iliamuru fainali irudiwe. TAS ikaifuta amri hiyo tarehe 31 Julai kwa sababu moja kavu: kamati kuu haikuwa na mamlaka, kesi irudi kwenye vyombo vya nidhamu. Hawakusema nani bingwa. Komishna wa Marekani hana wa kumwambia hivyo isipokuwa mkataba.

Na huo ndio urithi wa jaji Landis, komishna wa kwanza wa besiboli. Wachezaji wa Chicago walioshtakiwa kuuza fainali waliachiwa na baraza la mahakama tarehe 2 Agosti 1921, kesho yake akawafungia maisha wanane. Wenye timu walikuwa wamemwajiri kwa sharti lake kwamba asiulizwe.

Sekunde 24:

Nirudi kwenye swali la mwisho la Pivo, na la 2020 ambalo bado halijajibiwa.

NFL sasa, kwa makosa ya mwenendo binafsi, ligi haianzi na komishna. Inapeleka kesi kwa afisa wa nidhamu aliyechaguliwa na pande zote mbili. Wa kwanza alikuwa Sue Robinson, jaji mstaafu. Akisema hakuna kosa, kesi imekufa, hakuna rufaa. Akisema kuna kosa, upande wowote una siku 3 za kukata rufaa, na rufaa hiyo inakwenda kwa nani? Kwa komishna au mtu atakayemteua. Mlango uleule, umepakwa rangi tu. Deshaun Watson, 2022: wanawake zaidi ya ishirini walimshtaki kwa udhalilishaji wa kingono, yeye akikana. Robinson akatoa mechi 6, ligi ikakata rufaa, Goodell akamteua Peter Harvey, na kabla Harvey hajaamua pande zikakubaliana mechi 11 na faini ya dola milioni 5. Safari ile mashabiki wengi walimtaka komishna aingilie, kwa sababu 6 ilionekana dharau kwa wale wanawake. Nami naona 6 ilikuwa kidogo. Ila makosa ya kamari na ya uadilifu wa mchezo hayakuhamishwa: Calvin Ridley mwaka huohuo alifungiwa msimu mzima kwa kubeti, na hiyo ilitoka moja kwa moja kwa Goodell.

Adhabu ikitoka kesho, soma tangazo lenyewe, usisome kichwa cha habari. Tafuta neno la kosa: "mwenendo unaodhuru ligi" ni gunia, linabeba chochote, kosa lenye jedwali halina nafasi ya kubishana ila kwenye kuliainisha. Kwa NBA angalia kama ni ndani au nje ya uwanja, kisha hesabu: 12 au 13? 19 au 20? Angalia kama mchezaji ameshaadhibiwa kwa tukio hilohilo, kwa sababu hoja ya Rice ndiyo iliyoshinda wazi kuliko zote. Angalia nani alifanya uchunguzi na nani alimlipa. Halafu tazama sendika, si mchezaji. Mchezaji ataomba msamaha hata akiwa na kesi nzuri, maana anataka kurudi kazini. Sendika ikiandika kwamba "inapitia hatua zote", faili limefunguliwa. Ikinyamaza kwa wiki, anza kuhesabu mechi.

Pivo wa Katuba:

Nimepata nilichotafuta, na zaidi. Mama Ruashi, hiyo ya Green nilikuwa nimeihesabu kama uamuzi wa refa, kumbe ni wa ofisi. Mlinzi, kama unajua: NFL sasa wanaandika vipimo vya upepo kabla ya mechi?

Mlinzi wa Kampemba:

Ndiyo, walibadilisha kuanzia msimu wa 2015. Kila mpira una namba, kipimo kinaandikwa, na mechi zilizochaguliwa bila kutangazwa mipira inapimwa tena mapumziko. Lakini vile vipimo vya baridi vya msimu ule, ambavyo vingetuonyesha mpira halali unashuka kiasi gani, ligi haikuvitoa hadharani.